Baba Alivyoshuka Kwenye Kreni

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Habari za huko uliko? Lile goti limepata nafuu? Sisi huku tu wazima, na mwanangu ameota jino la kwanza. Sasa anamuuma kila anayembeba.

Nimeona nikuandikie habari za kaka yako, maana kwenye simu atakwambia tu "mimi mzima" kisha akate.

Tangu Mama augue mpaka tukamzika, Baba hakupumzika. Mchana yuko juu ya kreni, usiku hapati hata lepe la usingizi. Akawa mkali, kichwa kinamgonga, anasahau alichofuata dukani. Sisi tukadhani ni uzee.

Siku moja kazini alikuwa amenyanyua mzigo wa nondo juu ya vichwa vya mafundi. Anayemwelekeza kutoka chini akampa ishara ya mkono, ishara aliyoijua miaka yote, lakini kichwani hamna kitu. Shangazi, angeweza kubahatisha. Hakubahatisha. Aliuacha mzigo ukining'inia, akaomba kwa redio watu wote waondoke, ndipo akautua taratibu. Akazima mashine, akashuka ngazi zote zile, akamwambia msimamizi mbele ya wenzake: "Akili yangu imechoka. Sipandi tena mpaka nitibiwe."

Wapo waliocheka. Na huyu ni Baba, ambaye hata jino likimuuma hasemi!

Kliniki tulikwenda pamoja. Presha ilikuwa juu vibaya. Daktari alimweleza kuwa msongo wa mawazo ukikaa muda mrefu hauishii moyoni: unakula usingizi, unavuruga kumbukumbu, unapandisha presha, na hatari ya kiharusi inaongezeka.

Baba akauliza kwa upole, "Kwa hiyo si wazimu?"

"Wazimu wapi, mzee wangu? Umefiwa, na hujalala. Hujachelewa."

Sasa anameza dawa, asubuhi tunatembea wote, na kila Alhamisi anakwenda kuzungumza na mshauri. Kuna siku alirudi macho mekundu, akasema leo ndiyo amemlilia Mama sawasawa. Akalala mpaka jua likawaka. Presha imeshuka, na kazini wamempa kazi ya kufundisha vijana chini, mpaka daktari amruhusu kupanda.

Juzi alikuja mwendeshaji mwenzake, yule aliyecheka kuliko wote. Alizunguka weee na habari za mpira, mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, ile kliniki iko wapi?"

Baba hakumtania wala hakumhoji. Alivaa viatu, wakaondoka pamoja. Nilibaki mlangoni nawatazama, kifua kimenijaa fahari.

Wasalimie mumeo na wale mapacha wasiokwisha maneno. Baba naye anakusalimu, ingawa hajui nimekumwagia yote haya. Mungu akulinde, akupe na usingizi mnono.

Wako akupendaye bila kikomo,
Kitindamimba wa kaka yako.