Mavyaa Amezikwa Ng'ambo ya Songwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku Kyela, nimekaa mlangoni kwangu na matope ya ndani bado hayajakauka. Miguu yako imepungua kuvimba? Na baba, kile kifua kimemwachia? Sisi kwa mwili tu wazima, mimi, Asajile na watoto, Alhamdulillahi. Ila habari niliyo nayo si njema, na nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unakataa. Mavyaa wangu, mamake mume wangu Asajile, amefariki.

Wakumbuka nilivyoogopa kuja kuishi naye. Mwanawe alisilimu kwa ajili yangu, na yeye ni mtu wa kanisani tangu utoto. Lakini mama, hakuwahi kuninunia hata siku moja. Ndiye aliyenifundisha kupanda mpunga, huku akinicheka kwamba nainama kama mtu aliyedondosha sindano. Nikimpelekea chai husema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, na kikombe hukipokea kwa mikono miwili.

Mvua ilinyesha mno huko milimani. Asubuhi moja nakoroga uji, nikaona maji yanaingia jikoni kimya kimya, na nje watu wanapiga kelele kwamba mto Songwe umevunja kingo. Tulibeba watoto na mavyaa tukakimbilia ghala la ushirika wa zamani, maana lina msingi mrefu. Siku hizi ushirika umekufa, na ghala amekodi mfanyabiashara wa mjini anayenunua mpunga. Mlango una kufuli, ufunguo anao yeye. Kijiji kizima tukajazana barazani, mvua ikitupiga ubavuni.

Asajile akamwambia mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Mwaipopo, "Tuvunje mlango, wazee na watoto waingie ndani."

"Nikivunja nitawekwa ndani mimi," Mzee Mwaipopo akasema. "Ghala si letu tena. Ngoja nikaombe ruhusa."

Akaenda kweli, maji yakimfika kifuani, hadi ofisi ya kata. Aliporudi alikuwa anatetemeka. Akatueleza kwamba kata haina boti, wala haina amri juu ya ghala. Wamepeleka habari wilayani kwa simu ya upepo. Wilayani gari lipo lakini barabara imekatika, na boti lazima iombwe mkoani. Mkoa nao hautoi boti wala chakula mpaka wilaya ifanye tathmini, na mambo yakizidi uwezo wa mkoa, yaende taifani.

"Tathmini ndiyo nini?" mavyaa akauliza. Alikuwa amejifunika khanga yangu, nayo imelowa.

"Waje kutuangalia tulivyoumia, mama," mwenyekiti akamwambia.

"Na bila boti watakujaje?"

Mzee Mwaipopo akageuka akatazama maji.

Kesho yake mavyaa akaanza kukohoa, kisha mwili ukawaka moto. Kichomi. Nilimkumbatia ili nimpashe joto, na mimi mwenyewe nimelowa. Nyuma ya mgongo wangu ulikuwa ule ukuta wa ghala, na ndani yake pakavu, mama, pakavu kabisa.

Aliyetufikia hakutumwa na serikali yoyote. Ni Ambakisye, kaka wa mavyaa, anayeishi ng'ambo ya mto, upande wa Malawi. Alisikia kwa watu kwamba kijiji chetu kimezama, akaja na mtumbwi na mpiga kasia mmoja. Kurudi juu kuelekea barabara ya Kasumulu, upande wetu huu, hakukuwezekana, mkondo ulikuwa mkali. Njia ilikuwa moja tu, kuvuka. Mtumbwi ulikuwa mdogo, nikaingia mimi na mgonjwa, Asajile akabaki na watoto. Alimshika mamake mguu mpaka mtumbwi ukamponyoka.

Tulimfikisha nyumbani kwa kaka yake. Zahanati ya huko nayo ilikuwa imezingirwa na maji. Alifariki mchana, kichwa chake mapajani mwangu. Nilimwombea kwa ninavyojua mimi, nao wakamwimbia kwa wanavyojua wao. Kusubiri hakukuwezekana, wakamzika. Asajile alikuja kufika kaburi limeshaanza kupasuka kwa jua, maana daraja la mpakani lilikuwa limefungwa mpaka maji yapungue.

Maji yalipokwisha, wakubwa wakaja. Wa kata, wa wilaya, na mmoja wa mkoani. Walileta mahindi na mablanketi, na walikuja na ruhusa ya kufungua ghala. Kufuli likafunguliwa mbele yetu, wakati kila mtu ameshaanika godoro lake juani. Tukaelezwa kazi ya kijiji ni ipi, ya wilaya ipi, ya mkoa ipi.

Asajile akasimama. "Naomba kuuliza. Siku ile tuko barazani, nani alipaswa kuja?"

Yule wa mkoani, kijana mpole, alivua miwani. "Kila mmoja alipeleka habari kwa anayemfuata," akasema. "Mimi mwenyewe nilipeleka siku ileile iliponifikia. Pole sana, ndugu yangu." Nilimwamini. Na kumwamini ndiko kulikoniumiza zaidi, maana nilitaka nipate wa kumlaumu.

Jioni Mzee Mwaipopo alikuja kwetu, akakataa kiti. "Mvua ikirudi navunja mwenyewe," akamwambia Asajile. "Wanifunge." Asajile alimwitikia kwa heshima, akamsindikiza hadi njiani. Aliporudi hakula.

Mama, harusi ya mdogo wangu hatutaweza kuja. Mpunga umeoza wote, na mume wangu si wa kumwacha peke yake. Usiku na mchana ananiuliza jambo lilelile, kama mamake alimwita kabla hajakata roho. Alimwita, mama. Nimemwambia hivyo kila anapouliza, na ni kweli tupu, wala haimpunguzii kitu.

Nisalimie baba, mdogo wangu bibi harusi, shangazi wa kule bandani na mjomba fundi cherehani. Jirani yetu aliyenisuka siku ya ndoa yangu mwambie namkumbuka. Msomeeni dua marehemu, ingawa hakuwa wa dini yetu. Alikuwa mama yangu wa huku, na sasa sina.

Mwanao anayekulilia kwa mbali,
Rukia