Magunia ya Mama Limbu

Rujewa
6 Juni 1977

Dada Regina,

Mwangaluka, dada. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kiwe kimetulia kabla Iringa haijaanza baridi yake. Huku ni mhola, amani tu. Mama anakusalimu, mavuno ni mazuri, ng'ombe wanashiba.

Dada, kijiji kimenipa kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Napokea magunia, naandika jina la mwenyewe kwa mkaa, nayapanga stoo, zamu ikifika nakoboa. Nilifurahi mno. Sasa nimeharibu.

Unamkumbuka Mama Limbu, yule mjane jirani yetu? Alileta gunia la mpunga wa kunukia, wa harusi ya binti yake mwezi wa tisa. Ng'ambo ya mfereji yupo Mama Limbu mwingine, shoga yake wa siku nyingi. Naye alileta lake. Nikaandika "Mama Limbu" kote kuwili. Huyu wa ng'ambo akabeba la mjane, akawapikia wakwe zake waliomtembelea, wakausifu wali. Mjane alipokuja nikampa lililobaki, mchele mgumu uliokatikakatika. Akaenda kumwuliza mwenzake. Yule akajibu, "Unakuja kuniita mwizi mbele ya wakwe zangu?" Tangu siku ile hawasalimiani.

Mwenyekiti kasema likitokea tena narudi kuchunga. Wewe unatunza kadi za wagonjwa wengi hivyo hospitalini, na Dar ulisomea kompyuta. Mnafanyaje watu wasichanganyike?

Mdogo wako,
Seni


Iringa
27 Juni 1977

Mdogo wangu Seni,

Salamu nyingi. Kifua kimepona, ila baridi ya huku inatufanya tulale na masweta. Mwambie Mama nimepata karanga zake.

Pole kwa mkasa. Kosa lako ni moja: ulidhani jina linatosha. Kwenye kozi walituonyesha kwamba kila kitu unachoiwekea kompyuta lazima kiwe na ufunguo wake. Ukiutaja ufunguo, mashine inakwenda moja kwa moja pale kitu kilipo, haizunguki kuuliza mlango kwa mlango. Lakini ukiweka vitu viwili kwa ufunguo mmoja, cha pili kinafuta cha kwanza, wala mashine haikuambii. Ndivyo ulivyofanya wewe kwa mkaa.

Sisi hapa hatutafuti wagonjwa kwa majina. Kila mtu ana namba yake. Nawe kata vipande vya bati, vipige namba kwa msumari, viwiliviwili namba moja. Kimoja kaa nacho, kifunge kwenye gunia, mwenzake mpe mwenye mpunga. Kabla hujatoa namba, hakikisha haina mtu. Na mtu akija na namba usiyonayo stoo, mwambie hakuna. Usimpe gunia la jirani kwa sababu limekaribia kufanana.

Hayo ni ya mpunga. Kwa wale mama wawili hakuna mashine. Nenda mwenyewe kwa miguu yako.

Dada yako,
Regina


Rujewa
24 Julai 1977

Dada Regina,

Habari za masiku? Sisi hatujambo, isipokuwa Mama anauguza goti.

Nilikata debe la mafuta, nikapiga namba. Kwa kazi imesaidia sana, nalipata gunia hata kama limefunikwa na mengine. Tabu ni watu. Mzee Malimi alikirudisha kipande chake mbele ya foleni yote. "Kijana, ng'ombe wangu wenyewe nawaita kwa majina. Mimi ndiyo unipe namba?" Watu wakacheka, na siku ile wengi wakaondoka na mpunga wao.

Kwa mjane nilikwenda. Alinipa kiti, akanipa maji, akarudi kwenye kinu chake. Sasa anatwanga mpunga wake mwenyewe, na bega lake ni bovu. Harusi inakaribia. Roho inaniuma, dada. Nifanyeje?

Seni wako


Iringa
12 Agosti 1977

Seni,

Nimesoma barua yako mara mbili, nikacheka kwa ajili ya Mzee Malimi, halafu nikaona ana haki. Nilikupa dawa ya hospitali. Ufunguo si lazima uwe namba. Unachotakiwa kulinda ni kwamba usiwe wa watu wawili. Waache wachague wenyewe alama wanayoipenda, wewe kazi yako iwe kuangalia kama haijachukuliwa.

Anza na mjane. Mfuate nyumbani, mwambie yeye ndiye wa kwanza kuchagua.

Mpake Mama goti mafuta ya nyonyo.

Dada yako,
Regina


Rujewa
25 Septemba 1977

Dada mpendwa,

Umzima? Huku tuna afya, na tumeshiba kupita kiasi. Utaona kwa nini.

Mjane alichagua kigoda. Nilikichora kwenye bati palepale kwake, akakitazama, akasema, "Mguu mmoja mfupi. Rekebisha." Kesho yake alileta magunia mawili. Mzee Malimi kachukua fahali mwenye pembe iliyopinda, na anamwonyesha kila mtu.

Kisha akaja Mama Limbu wa ng'ambo. Naye akataka kigoda.

"Kimechukuliwa, mama."

"Na nani?"

"Na Mama Limbu mwenzako."

Aligeuka akawatazama watu waliokuwa wakisubiri nyuma yake. Halafu akaninong'oneza, "Basi hili langu la kunukia liweke kwenye kigoda hichohicho."

Mjane alipokuja nikamtolea mchele wa magunia matatu. Akabisha. "Mimi nilileta mawili, Seni. Usinitie tena kwenye maneno." Nikamwambia alama ni yake, na kilichomo ni chake. Akachota mchele kiganjani, akaunusa. Hakuuliza umetoka kwa nani. Alinitaka nimwangalizie mzigo, akajifunga kanga vizuri, akavuka mfereji.

Waliyosemezana siyajui. Ila walirudi wote wawili kuubeba.

Harusi ilikuwa jana. Walipika kwenye moto mmoja, wakigombana juu ya chumvi. Kila mtu akiita "Mama Limbu!" waligeuka wote wawili, na aliyekuwa karibu ndiye aliyepakua.

Mdogo wako,
Seni