Geti la Kuinama

Macalder, 29 Julai 2025

Tony wuoda,

Salamu nyingi huko Homa Bay. Mimi mama yako mzima, ni mguu tu. Baba anakusalimu. Cliff ndugu yako anakusalimu. Liz mke wake anakusalimu, mtoto wao anaota meno. Nyanya anakusalimu, anauliza kama unakula. Unakula? Hata ng'ombe wote wazima.

Simu iliingia maji ndiyo naandika. Cliff anasema umemtuma abomoe lile geti fupi la ukuta wa mawe, gari la wakwe liingie. Wuoda, mwanangu, mawe hayo wazee waliyapanga bila simiti. Ukitoa moja la juu, yote yanakuja. Jibu haraka, roho yangu haikai.

Mama yako

Homa Bay, 2 Agosti

Mama mpendwa,

Mimi mzima, nakula sana. Mama, bomoeni tu. Mimi nachomelea watu mageti, halafu kwetu wageni waingie wameinama kama kuku? Na kina mchumba wangu Nchagwa ni Wakuria. Wanajua vizuri ukuta huo ulikuwa wa kuzuia nani asichukue ng'ombe wetu. Mama yake akiinamishwa hapo ataona dharau, arudi Kegonga na binti yake. Nami siwezi kuja kumtuliza, unajua mkwe haonani na mama mkwe. Nampenda huyu msichana, Mama.

Mtoto wako Tony

Macalder, 11 Agosti

Tony wuoda,

Sisi wote wazima. Baba amecheka mpaka akakohoa.

Nilikubali, kwa ajili yako. Lakini Cliff alienda kuazima nyundo akachelewa, wageni wakafika kwanza. Wanawake na vikapu kichwani, na geti ni lile la kufika kifuani! Nikasema leo nimekwisha.

Mama Nchagwa akaangalia mawe. "Hapa ndipo babu zetu walikwama?"

Nikasema, "Hapa hapa, mama. Lakini leo karibu."

Akacheka! Akashusha kikapu, akakipitisha chini, "Shika." Nikashika. Kikapu baada ya kikapu, yeye nje, mimi ndani, mwisho nikamshika mkono naye akapita. Akasema kwao pia walikuwa na ukuta wa kutuzuia sisi, vijana wakaubomoa wakajenga choo. Akasema hili geti lisiguswe.

Siku ya mahari, anasema watasimama hapo nje, sisi tuwatolee ng'ombe mmoja mmoja, na safari hii hawatapigana. Wanauliza siku gani. Jibu mbio, wuoda, usiwangojeshe.

Mama yako