Damu ya Kitanda cha Sita Iliyopelekwa kwenye Barafu

Mganga Mkuu, salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Tunakuombea kwa Mungu. Kwa kuwa hukuweza kufika, nimeandika yote yaliyosemwa bila kupunguza.

KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA VIPIMO
Jumanne, saa saba mchana, chumba cha mafaili

Waliohudhuria: Mfamasia (Mwenyekiti), Mkuu wa Maabara, Daktari wa wodi ya wanawake, Muuguzi Mkuu wa wodi hiyo, Karani wa masjala (Katibu).
Mwalikwa: dada wa mgonjwa.
Asiyehudhuria: Mganga Mkuu (anaumwa).

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala, akaomba watu wasifokeane. Ombi hilo halikudumu.

KUMB. NA. 2/ KIPIMO KILICHOHARIBIKA
Mkuu wa Maabara alieleza kwamba krayoglobulini ni protini za damu zinazoganda zikipata baridi. Damu ya kuzipima hubebwa ikiwa na joto la mwili hadi itenganishwe. Majimaji yake ndiyo huwekwa kwenye friji siku saba kuona kama yataganda. Damu ikipoa mapema, protini huzama na chembe za damu, na majibu husema hakuna kitu. Damu ya mgonjwa wa kitanda cha sita, yule mshonaji, ililetwa kwenye barafu.

Muuguzi Mkuu alijibu kwamba damu zote za wodi huenda kwenye kisanduku kimoja cha barafu, miaka yote. Mkuu wa Maabara alisema alibandika tangazo la kukataza barafu kwa kipimo hiki mlangoni. Ilibainika limefunikwa na ratiba ya likizo.

"Na nyie mliipokea ya nini, tena mkapiga mhuri?" aliuliza Muuguzi Mkuu. Mkuu wa Maabara alikiri kosa hilo ni la maabara.

KUMB. NA. 3/ MAOMBI YA VIPIMO
Ilielezwa kwamba mwezi huu yameletwa maombi kumi na tisa ya kipimo hiki, kumi na sita yakiwa ya watu wanaoumwa magoti tu. Daktari alisema, "Nikiweka tiki kila mahali, sikosi kitu."

"Unamkosa mwenye ugonjwa wenyewe, daktari!" alisema Mkuu wa Maabara. "Huyu wa kitanda cha sita: madoa ya zambarau miguuni, homa ya ini C, figo zinavuja protini. Huyo ungenipigia simu, ningekuja kitandani na themosi ya maji ya uvuguvugu."

Dada wa mgonjwa alisimama. "Daktari, jana uliniambia mdogo wangu hana kitu. Mbona mkojo wake una povu kama la sabuni?"

Daktari alisema majibu yana mhuri na ruhusa ya kwenda nyumbani imeshaandikwa. Alitoka kabla ya kikao kwisha. Mungu anisamehe, sikumuaga.

KUMB. NA. 4/ MAAZIMIO
Damu itolewe upya kesho asubuhi, Mkuu wa Maabara mwenyewe akiwepo. Daktari aandike sababu kwenye kila ombi.

KUMB. NA. 5/ KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa nane na nusu.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)

Mganga Mkuu, majibu yenye mhuri hufutwa na wewe peke yako. Ruhusa ya mgonjwa ni leo saa kumi, naye ameshaanza kufunga mizigo. Tafadhali nijibu kabla ya hapo.