Mpagazi Ana Baba Wawili

Berea, Johannesburg
14 Agosti 1996

Kwako Shemeji Kudra,

Pokea salamu zangu, ingawa najua mjane haulizwi hali. Huku mimi, Lerato na binti yetu Tania tu wazima, ila uzima wenyewe ni wa kula na kulala tu. Tangu nilipopata habari kwamba Mselem ametutoka, nakaa dirishani ghorofa ya saba naangalia Hillbrow bila kuona kitu.

Usinihesabu mtu mbaya. Simu ya kwamba amezidiwa niliipata Jumatatu, naye akafariki Jumapili. Ningewahi. Lakini pasi yangu ilikuwa imekwama ofisini kwa ajili ya kibali cha kukaa. Ndiyo mambo yetu sisi tuliooa wakimbizi wa Afrika Kusini pale Morogoro, kisha tukawafuata kwao. Lerato amerudi nyumbani, sasa mkimbizi ni mimi.

Najua mtani wake ni mimi. Mimi Mnyamwezi ndiye niliyepaswa kuvaa kanzu ya Mzaramo wangu msibani, nikohoe kama yeye, niige anavyochechemea, mpaka wanaolia wacheke. Miaka kumi na miwili tumemtengeneza pamoja Mpagazi, shujaa wetu wa katuni gazetini, yeye maneno, mimi michoro, halafu amezikwa bila mimi kumtania. Inaniuma sana. Kuna mtu kwenye ngazi zetu hapa anakohoa vilevile kama yeye. Nikifungua mlango simwoni.

Poleni sana, shemeji.

Shemeji yako na mtani wako,
Ezekieli


Magomeni, Dar es Salaam
2 Oktoba 1996

Kwa Shemeji Ezekieli, Mnyamwezi asiyefika,

Salamu zako zimenikuta ndani ya eda, nami nazirudisha kwako, kwa Lerato na kwa mtoto. Sijambo, kwa kiasi cha mtu aliyebaki na kitanda kikubwa. Kukasirika sikukasirika. Pasi ni pasi.

Humu ndani sina kazi ila kukumbuka. Jana nimekumbuka siku ile mlipokaa mezani kwangu, Mselem akakuchokoza: "Ninyi Wanyamwezi kazi yenu kubebea watu wa pwani mizigo. Hata mkifa mtajibebea jeneza wenyewe!" Ukanyakua kalamu, ukachora mpagazi aliyejifunga gunia usoni, kabeba behewa la treni kichwani. Mselem akaandika pembeni, "Hakuna mzigo usiobebeka." Nikasimama kuwatazama hadi wali ukaungua, mkaula hivyo hivyo. Gazeti lililokuwa likimtoa limekufa, lakini watoto wa hapa Magomeni bado wanajifunga magunia wakiruka mitaro.

Nina ombi moja tu. Usimwache Mpagazi afe. Na popote atakapotokea, liandikwe jina la Mselem kwa maneno na lako kwa michoro, kama mlivyoahidiana. Mwenyezi Mungu hakutujalia mtoto. Mume wangu ameacha jina tu, na jina lenyewe liko kwa Mpagazi.

Shemeji yako,
Kudra


Berea, Johannesburg
9 Machi 1998

Kwako Shemeji Kudra,

Hujambo? Eda umeshatoka zamani, natumaini unaonja jua. Sisi tunaendelea. Tania amefikisha miaka minane, Kiswahili anakisikia vizuri lakini ukimsemesha anakujibu Kizulu, na mama yake anacheka tu.

Nina habari kubwa. Kampuni moja ya vitabu huko Randburg imemchukua Mpagazi! Siku hizi anaongea Kiingereza. Anabeba basi lililofeli breki, anazuia ghorofa lisianguke, anasimama kwenye robot, maana huku taa za barabarani wanaziita hivyo, na magari yote yanampisha. Kitabu kimeuzwa mpaka kimechapwa mara ya pili. Nakutumia kimoja ndani ya bahasha hii.

Ila kuna jambo linanisumbua, na huku sina wa kumwambia. Mpagazi ana matundu mawili kwenye gunia, unakumbuka. Siku hizi kila nikichora, kwenye matundu yale yanatokea macho ya Mselem, yale ya siku zake za mwisho kwenye picha uliyonitumia. Sikusudii. Mhariri amenirudishia kurasa sita, anasema shujaa anaonekana mgonjwa. Nimezichora upya, yametokea tena.

Niombee.

Shemeji yako,
Ezekieli


Magomeni, Dar es Salaam
21 Juni 1998

Kwa Ezekieli,

Salamu. Mimi ni mzima. Kitabu nimekipata.

Nimekipekua jalada hadi jalada. Kiingereza sikijui, lakini jina la mume wangu nalijua, nami silioni. Nikampelekea Mwalimu Deo wa shule ya hapa jirani, huenda macho yangu yamechoka. Akanisomea ukurasa wa kwanza: maneno na michoro, Ezekieli. Akavua miwani akaniuliza, "Mama, si huyu ni wa marehemu?" Nikakikunja kitabu ndani ya kanga nikarudi nyumbani.

Wewe ni mtani, sheria unaijua. Mtani akija msibani anachukua akitakacho, iwe jogoo, iwe kanzu, iwe redio, mchana kweupe mbele ya watu, na hakuna wa kumkunjia uso. Ungekuja ukasimama uwanjani kwangu ukasema, "Nachukua jina la Mselem," tungecheka, tungelia, na pengine tungekuachia. Lakini umelichukulia huko huko, kimya kimya, mahali pasipo na msiba. Ukichukua hivyo hakuna tena utani, ni wizi.

Labda ni kosa la mtambo wa kuchapia. Kama ni hivyo, niandikie nifurahi. Nasubiri jibu lako.

Kudra


Marshalltown, Johannesburg
3 Oktoba 2005

Kwako Shemeji Kudra, kama bado unaniruhusu kukuita hivyo,

Nakusalimu kwa aibu. Sijui kama u hai au unaumwa, na kutojua huko ni kosa langu. Barua yako nimekaa nayo miaka saba. Imechanika kwenye mikunjo.

Halikuwa kosa la mtambo. Na pasi haikukwama popote, nilikuwa nayo mfukoni. Wiki ile uliyonipigia simu, wale wa Randburg walikuwa wameniita Ijumaa. Nilijiambia nitawaona kwanza, kisha nipande basi Jumamosi. Wakaniuliza, "Kuna mwingine aliyeshiriki kumbuni huyu?" Karatasi ilikuwa mezani, na nikafikiri nikimtaja wataanza kutafuta saini Dar es Salaam, mambo yachelewe, wabadili nia. Nikasema niko peke yangu. Ijumaa hiyo Mselem alikuwa bado anapumua, Kudra. Jumamosi nikashindwa kupanda basi. Ningemtazamaje?

Nilisema niko peke yangu, na tangu hapo sijawahi kuwa peke yangu. Tumehama Berea, kikohozi kimehama nasi. Lerato ameita mchungaji mara mbili. Nachora mabango ya vinyozi hapa Marshalltown, na kila kichwa ninachochora kina macho yale. Wateja wananiambia, "Eish, baba, huyu mtu wako mbona anatuangalia hivyo?"

Kampuni imenitupa mwaka wa tatu huu. Karatasi niliyosaini ilisema Mpagazi ni mali yao, mimi nilikuwa nimekodiwa mkono tu. Wanachora vijana wengine, na jina langu nalo wamelifuta. Mwezi uliopita Tania alikuwa na wenzake, mmoja amevaa fulana yenye Mpagazi kifuani. Nikasema, "Huyu nimemchora mimi, na rafiki yangu Mselem." Wakacheka. Usiku Tania akaniambia, "Baba, unamanga." Maana yake, baba, mwongo wewe. Ana miaka kumi na tano, na hilo analiamini kabisa.

Wakili mmoja anasema tukipata zile kurasa zetu za mwanzo, za kabla ya 1996, zenye majina mawili, kesi ipo. Zote alikuwa nazo Mselem kwenye boksi uvunguni. Nitumie, nakuomba. Safari hii nitalirudisha jina lake kwanza, langu baadaye. Na mwanangu ajue baba yake alikuwa nani.

Mkosaji wako,
Ezekieli


Magomeni, Dar es Salaam
15 Januari 2006

Kwa Shemeji Ezekieli,

Nipo hai, magoti tu ndiyo yamegoma. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimelia, mara mbili kwa hasira.

Boksi halipo. Siku tuliyomzika Mselem watu walikungoja. Ulipokosekana, ikabidi atafutwe Mnyamwezi mwingine, maana maiti haiwezi kuondoka bila mtani. Akapatikana muuza karanga wa kona ya pili. Hakumjua mume wangu, lakini alijitahidi, akavaa kanzu, akakohoa, watu wakacheka kidogo. Kisha akaingia chumbani kuchukua haki yake. Akaliona boksi limejaa karatasi, akalibeba kichwani akatoka nalo mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa chumba kingine na wanawake. Hakuna aliyemzuia, na asingezuilika. Haki ile ilikuwa yako, Ezekieli. Ungekuja, boksi lingekuwa kwako leo.

Siku ya tisa jirani yangu Evarista alikuja kunifariji akaniletea karanga. Nikaikunjua pakiti, nikaona mwandiko wa mume wangu. Nikamtuma mbio kwa muuza karanga, akakuta nyingine zote zimeshauzika. Sikukuambia wakati ule. Niliona unayo huzuni ya kutosha, tena ya kweli.

Karatasi hiyo ninayo. Ni jalada la kwanza kabisa, limechanwa katikati. Nusu ya juu imebaki: "Maneno: Mselem." Ya chini, iliyokuwa na jina lako, ilifungia karanga za mtu mwingine.

Tania aje. Nitamwekea kiti pale pale mlipokuwa mnakaa, nimwambie kwa kinywa changu kwamba nilimwona baba yake akimchora Mpagazi, na kwamba mkono wake ulikuwa wa ajabu. Nitamwapia kwa Mungu. Lakini hii karatasi haitoki nyumbani kwangu, si kwa wakili, si kwako. Ndiyo pekee iliyobaki na jina lake, nawe uliwahi kulifuta.

Msalimie Lerato.

Shemeji yako,
Kudra