Bado Niko Benchi la Nyuma

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo, na nyingine ya akiba, maana kwa baridi hii ya Tunduma sijui nitaandika tena lini.

Vitenge vya biashara nilivyovifuata huku mpakani nimevipata. Jumapili nikaingia kanisa moja karibu na foleni ya malori, nikakaa benchi la nyuma kabisa, kama nilivyozoea tangu wazee wa kanisa letu wanitenge kwa kumzaa Neema bila ndoa. Kumbe hapa benchi hilo, kwa kuwa liko mlangoni, ni la wapika uji. Mahubiri hayajaisha, mama mmoja mnene akanifunga kitenge kiunoni, akanivuta jikoni na kunipa mwiko.

Nikamnong'oneza, "Mama, mimi nimetengwa."

"Hata mimi, kule Ileje," akasema. "Na huyu anayemenya magimbi katengwa mara mbili. Koroga, uji unashika chini."

Mchungaji alipokuja nikajificha nyuma ya sufuria. Akaniuliza swali moja tu: sukari iko wapi?

Unibusie Neema mashavu yote mawili, nawe ujifunike vizuri usiku. Wazee wakiuliza habari zangu, waambie bado niko benchi la nyuma.

Binti yako,
Tumaini