Mstari wa Tarehe Thelathini na Moja

Sindano wangu,

Hujambo dada? Cherehani nayo haijambo? Na wale wapwa zangu, bado wanakuibia chaki ya kuchorea vitambaa? Huku sote wazima, mama naye mzima sasa. Nimeandika "sasa" makusudi, maana Jumatatu hakuwa mzima. Usikimbilie simu, soma kwanza mpaka mwisho.

Unaikumbuka ile programu niliyomwekea mama kwenye simu, inayolia saa ya dawa ya presha? Wanaitengeneza watu wa kujitolea, hawalipwi hata soda; hata mimi huwasaidia kidogo kidogo. Mkubwa wao tunamwita Mzee Kengele. Ni muuguzi, akitoka zamu ndipo anakaa kwenye kompyuta. Basi tangu Jumamosi simu ikanyamaza, na mama, anayeiamini simu kuliko anavyoniamini mimi, akanyamaza nayo. Jumatatu natoka kazini kwenye fotokopi, namkuta kaketi sakafuni jikoni, kashika mguu wa meza, ananiambia nyumba inazunguka. Dada, nikambeba mbio! Zahanati wakamtibu, na alipoanza tu kunisema kuhusu kola ya shati langu nikajua amepona.

Hasira zangu hazikupona. Unanijua, mdomo unatangulia kichwa. Nikaingia kwenye jukwaa lao mtandaoni, mbele za watu, nikamwambia Mzee Kengele kama kazi imemshinda awaachie wenye akili, na kwamba nusura amuue mama yangu. Sikusema simu ni ya aina gani, wala imenyamaza tangu lini. Maneno makali tu. Watu kumi na saba wakaniunga mkono!

Akajibu baada ya saa moja. Alimpa mama pole, akauliza presha yake sasa ngapi, akasema kosa ni lake, hakukagua vya kutosha. Mwisho akaandika kwamba miaka sita inatosha, amechoka, anaaga. Akaliondoa jina lake kwenye orodha ya watengenezaji. Basi!

Wenzake wakanifuata pembeni, wakasema nina moto, nishike nafasi yake. Nikavimba kichwa. Nikaifungua programu kwa ndani, kwenye mistari ya maagizo inayoiendesha, nilitafute kosa mwenyewe. Kumbe ni mstari mmoja tu: ikifika tarehe thelathini na moja, unaitafuta thelathini na mbili. Haipo, kengele inalala moja kwa moja, na Jumamosi ndiyo ilikuwa tarehe thelathini na moja. Sasa kule, pembeni ya kila mstari kuna jina la aliyeuandika.

Dada, jina ni langu.

Mstari ule niliutuma wiki tatu zilizopita, kitu kidogo, nikakisahau. Unaikumbuka ile picha ya ujumbe niliyokutumia, Mzee Kengele ananisifu kwa mstari huo, ukawaonyesha mpaka wateja wako? Niliikata. Chini ya zile sifa aliniuliza, kwa upole kabisa, mwezi ukiisha itakuwaje, akanionyesha na pa kurekebisha. Mimi nilishiba sifa, hayo mengine nikayaruka. Nikamjibu nimesharekebisha. Akaniamini.

Na kinachoniuma mpaka sasa ninavyoandika: kabla ya kujibu matusi yangu lazima aliufungua mstari ule. Jina langu aliliona kabla yangu. Hata hivyo akasema kosa ni lake.

Mstari nimeshaurekebisha, simu ya mama inalia. Mama hajui kitu. Kila ikilia anamwombea dua yule muungwana aliyemuulizia presha, na kuniuliza kama nimemshukuru. Wale wenzake nao hawajachungulia bado jina lililo pembeni ya mstari. Wanataka jibu langu leo jioni, na nimeandika "nakubali" mara tatu, nikafuta mara tatu.

Msalimie shemeji, wabusu watundu. Mama anasema gauni limemkaa vizuri, ila mikono mirefu kidogo. Unaona? Hata yeye anajua kukosoa.

Niambie basi, Sindano, bila kunionea huruma: ungekuwa wewe, ungeanza kumwambia nani?

Mdogo wako,
Kiherehere